Kambi za Nesi Vestina

Zamani mtu akiugua huku kwetu alijua nani atakuja kukaa naye. Siku hizi anajua namba yake ya foleni tu.

Nasema hivyo, lakini mtu aliyekaa na mdogo wangu mpaka mwisho hakuwa wa zamani wala hakuwa wa kwetu. Aliitwa Vestina Nibitanga, nesi, mzaliwa wa Ulyankulu, kwenye yale makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi. Baba yake alifika akiwa na mtoto mmoja mgongoni na jembe lisilo na mpini. Vestina alizaliwa baadaye, akakua kwenye tumbaku na mihogo, akasomeshwa kwa msaada wa masista, na uraia ulipotoka akaajiriwa. Alipoletwa kwenye zahanati ya kijiji chetu, mbele kidogo ya Ipole, watu walisema tumeletewa mkimbizi. Na mimi nilisema. Nilisema mbele ya watu, nao wakacheka, nikafurahi kwamba wamecheka.

Alikuwa mfupi, mweusi sana, anatembea haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alikuwa na tabia moja ambayo sikuwahi kuiona kwa nesi mwingine yeyote. Hakuzungumza na mgonjwa akiwa amesimama. Kama kuna kiti, alikalia kiti. Kama hakuna, alichuchumaa. Na kama mgonjwa amelala chini, alikaa chini, sketi nyeupe na vumbi lake.

Mdogo wangu ni Lugembe. Padre alimbatiza Fideli, lakini jina hilo liliishia kwenye cheti. Mama mmoja, baba mmoja. Mimi Raymundi wa kwanza, yeye wa mwisho, na waliokuwa katikati wote walikufa wadogo. Mimi nilisoma miaka minne, mengine nikajisomea mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sukari. Lugembe hakusoma. Alijua nyuki. Alikuwa akiweka sikio kwenye mzinga wa gome na kukuambia kama kuna asali, au kuna majana tu, watoto wa nyuki, au kundi linajiandaa kuhama. Tangu ujana wake alikuwa kiongozi wa kambi ya warina asali, watu kumi na wawili, wanaoingia porini kila kiangazi kwa wiki tatu au nne.

Kambi ya asali ina sheria yake. Mzinga wa kwanza wa msimu ukifunguliwa, hakuna anayelamba hata kidole kabla ya kiongozi kuonja. Yeye hukata kipande cha sega, akala akiwa chini ya mti uleule, nyuki wakiwa bado wanamzunguka, na wengine wamenyamaza. Kisha hunyunyiza wanzuki, pombe ya asali, kidogo kwenye shina, anakunywa, anawapa wenzake. Asipoonja, nyuki wanasemekana kuona wamenyang'anywa na mtu asiyewafahamu, nao huhama. Sasa vijana wanarina kwenye mizinga ya mbao nyuma ya nyumba, wamevaa mavazi kama ya watu wa mwezini, na asali inauzwa kwenye chupa za soda. Hakuna anayeonja. Sisi tulikuwa kambi ya mwisho upande huu iliyoshika ile sheria, na niliyeishika zaidi ya wote ni mimi.

Mwaka 2017 Lugembe alianguka akipalilia mahindi. Tukampeleka Sikonge, wakamtoboa kidole, wakasema ni kisukari. Alirudi na karatasi. Asiguse asali. Asiguse pombe. Ameze vidonge asubuhi na jioni. Avae viatu vya kufunika vidole. Ahudhurie zahanati kila Jumatano. Alizisikiliza zote nilipokuwa namsomea, kisha akazichukua, akapanda kwenye kigoda, akazichomeka kwenye nyasi za paa.

"Miaka arobaini natafuta asali," akasema, "leo niambiwe nilikuwa natafuta sumu."

Nilimwona ana haki.

Miezi miwili ilipita bila Jumatano hata moja. Ndipo Vestina alipokuja nyumbani. Nilikuwepo, ninamsaidia Lugembe kukunja gome la mzinga.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba," akajibu Lugembe. "Kama umefuata zile karatasi, paa limeshazipokea."

Vestina akainua macho. "Zinazuia mvua?"

"Kidogo."

"Basi zimepata kazi." Akakaa juu ya gogo. "Hilo gome ni la mti wa mtundu?"

Alikaa saa nzima akiuliza habari za magome. Lipi halipasuki, kwa nini wanalitoa wakati wa mvua, mzinga unapandishwaje juu bila ngazi. Akashukuru, akaondoka. Neno kisukari halikutoka kinywani mwake.

"Mvivu huyu," nikamwambia Lugembe. "Kaja kupumzika."

"Mwache apumzike," akasema. "Ana masikio mazuri."

Alikuja tena baada ya wiki, akauliza habari za nyuki. Akaja mara ya tatu. Siku hiyo Lugembe alishindwa kuvumilia.

"Nesi, mbona hunikatazi?"

"Ningekukataza, ungeacha?"

"Nisingeacha."

"Basi ningechosha sauti bure." Akachukua unyasi, akaanza kuuvunjavunja. "Nikuulize, baba. Nyuki wakitaka kuhama, wewe unajuaje, na hawajahama bado?"

"Sauti hubadilika. Na walinzi wa mlangoni wanapungua."

"Na mwili wako? Sauti yake ni ileile?"

Alitazama miguu yake. Baadaye, yule nesi alipokwisha kuondoka, aliniambia kitu ambacho alikuwa hajamwambia hata mkewe Levina: kwamba tangu masika vidole vya mguu wa kushoto havisikii umande.

Mimi ni mtu wa kubisha. Nilikwenda zahanati kumuuliza Vestina anafanya nini na ndugu yangu, tiba gani hii ya kuulizana habari za magome. Hakukasirika. Alifungua droo, akanipa kijitabu cha semina, kimechakaa, cha Kiswahili. Kilieleza kwamba mtu anayetakiwa kubadili mwenendo wake hapiti mlango mmoja, anapita hatua. Kuna anayekataa kabisa kuona tatizo. Kuna anayeanza kufikiri huku anasitasita. Kuna anayejiandaa, kuna anayetenda, kuna anayelinda alichokwisha kukipata. Na kuna kuanguka na kurudi nyuma, na hilo nalo ni sehemu ya njia. Kazi ya muuguzi, kilisema, ni kumkuta mgonjwa pale alipo, si pale muuguzi anapotaka awe.

Nilikisoma mara tatu. Nikamrudishia.

"Haya mambo babu yangu aliyajua," nikamwambia. "Alikuwa mpagazi. Alibeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na Ujiji kabla ya reli. Hakuna aliyekwenda Ujiji kwa siku moja. Ni kambi kwa kambi. Na mtu aliye bado Kwihara, pale Tabora safari inapoanzia, anayebishana na kiongozi wa msafara kama aende au asiende, humwambii habari za mamba wa mto Malagarasi. Utamtorosha."

Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Zipange tena hizo kambi, Mzee Raymundi. Polepole, niandike."

Nikampangia kama babu alivyonipangia. Kwihara, watu wanabishana. Kisha siku za kufunga mizigo. Kisha njia ya Urambo. Kisha kuvuka Malagarasi kwa mitumbwi, na hapo ndipo wengi hurudi. Kisha Uvinza kwenye chumvi. Kisha Ujiji.

"Kwa ugonjwa huu Ujiji hakuna kufika," akasema. "Ni kutembea tu."

Tangu hapo akitukuta aliuliza, "Tuko wapi leo, baba?" Na Lugembe, ambaye alizijua hadithi za babu kuliko mimi, alijibu kwa ukweli. Kwa muda mrefu alijibu, "Kwihara." Vestina aliitikia tu, "Haya, Kwihara pazuri, kuna maji." Siku moja ya Agosti akajibu, "Nimeanza kutafuta kamba za mzigo." Nilimwona Vestina akigeuza uso, asije akaonekana anavyofurahi.

Ndipo wakakaa kufunga mizigo. Alimuuliza kipi ni rahisi kuacha na kipi ni kigumu. Lugembe akasema asali ya nyumbani anaweza, pombe ya sikukuu anaweza, viatu vinamuudhi lakini atavaa, vidonge Levina atamkumbusha. Kigumu ni kimoja. Akamweleza sheria ya kuonja. Nilikuwa tayari kumsikia nesi akisema huo ni ushirikina, na nilikuwa na majibu yangu.

Hakusema. Aliuliza, "Katika ile kambi, ni nani mwingine anayeruhusiwa kuonja?"

"Mkubwa wangu peke yake. Huyu hapa."

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema nitaonja mimi.

Niliingia porini na miaka yangu sabini na miwili, nikakata sega mbele ya watu, nikala. Lugembe alisimama kando yangu na viatu vyake vya kufunika vidole, anapanda mti pale tu inapolazimu. Hakuna aliyelalamika. Misimu miwili tulikwenda hivyo. Kila Jumatano alihudhuria, na kipimo kilikuwa kinashuka, na uso wake ukarudi. Levina alisema mume wake sasa analala mpaka jogoo. Jumatano moja Vestina alimuuliza tuko wapi, naye akasimama, akainua mkono kama mpagazi anayetua mzigo, akasema, "Nesi, miguu yangu imekauka. Nimevuka Malagarasi." Watu wa foleni hawakuelewa. Mimi nilielewa, na sijui kwa nini niliona wivu.

Msimu wa tatu pori lilikuwa limekatwa. Ninasema limekatwa, si limepungua. Tumbaku inataka kuni za kukaushia, na mabani, vile vibanda vya kukaushia, yalikuwa yamefika mpaka kwenye kijito tulichokuwa tukipiga kambi na baba yetu. Miti ya mizinga yetu mingine ilikuwa visiki. Siku mbili tulitembea tukigonga mizinga, na mingi ilijibu kama ngoma iliyopasuka. Mmoja wa wenzetu, Gerson, mtu wa mdomo, akasema:

"Nyuki hawa wanamtaka mwenyewe. Tumewaletea mzee wa magazeti."

Watu wakacheka. Tulikuwa tumefika kwenye mzinga wa kwanza wenye asali. Sega lilikuwa mkononi mwangu. Nilitazama vile visiki, nikamtazama mdogo wangu amesimama na viatu vyake kama karani, na nikaona kila kitu nilichokijua kimekwisha, na hiki kimoja kilichobaki tunakiua kwa mikono yetu. Nikamnyooshea.

"Onja."

"Kaka, nesi alisema..."

"Nesi hakuzaliwa hapa."

Sikuwahi kumwona mdogo wangu akikataa nilichompa kwa mkono wangu tangu alipoota meno. Akalipokea, akala. Gerson akaleta wanzuki, akanywa. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Mzinga wa pili alionja bila kuambiwa. Wiki tatu zile hakumeza vidonge, kwa sababu Levina hakuwepo na mimi sikumkumbusha.

Nyuki hawakurudi. Wangerudi kwenye nini?

Jumatano iliyofuata kipimo kilipanda mpaka kimashine cha kupimia sukari kikaandika neno badala ya namba. Nilikuwa nimemsindikiza, nimekaa naye kwenye benchi moja. Vestina alivuta kiti, akakaa, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Tuko wapi, baba?"

"Kwihara," akasema Lugembe. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Nimerudi Kwihara, mwanangu."

"Hapana. Aliyekwisha kuvuka Malagarasi akirudi nyuma anarudi ukingoni tu. Njia anaijua, maji anayajua. Kesho tunavuka tena." Akamwacha apumue. "Lakini nataka kujua jiwe lililokukwaa. Nikilijua, safari ijayo tutalizunguka. Sikugombezi. Niambie tu."

Lugembe aliinua kichwa, akanitazama mimi. Halikuwa jicho la kunilaumu. Alikuwa kama anayepima mzigo, aone kama nitauweza. Kisha akamgeukia nesi.

"Uroho, nesi. Asali ilikuwa nyingi, nikala."

Asali haikuwa nyingi. Na mimi nilikuwa pale, upana wa mkono mmoja, na sikusema kitu.

Vestina aliandika. Alikuwa na mbinu ya kutibu uroho na aliifuata vizuri sana. Alikwenda nyumbani, akakaa na Levina, wakaondoa madumu yote ya asali ndani, wakapanga chakula cha jioni, wakapanga atafune nini hamu ikimjia. Madumu nilibebeshwa mimi, nikayaweka kwangu. Hakuna aliyepanga habari ya kambi, kwa sababu nesi aliamini kwamba kambini mwonjaji ni mimi, kama tulivyoahidi. Tulipokuwa tukirudi siku ile nilijaribu mara mbili kuanza. Lugembe alinikatiza.

"Goti lako vipi, kaka?"

"Linauma."

"Lipake mafuta ya nyonyo," akasema, na akaendelea kunieleza habari za mafuta ya nyonyo mpaka tukafika.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata Vestina alihamishwa, akapelekwa upande wa Urambo. Ndivyo wanavyofanya siku hizi. Mtu akishajua milango ya watu, anahamishwa. Alizunguka nyumba za wagonjwa wake zote kuaga. Kwenye kadi ya Lugembe aliandika kwa mkono wake, "Amevuka. Asikaripiwe. Muulize kwanza." Kwangu alikuja mwisho. Akakaa.

"Mzee Raymundi, nakuachia baba. Kuna jambo lolote la kule kambini ambalo silijui?"

Alikuwa ananitazama machoni. Sijui kama alihisi. Nimeliwaza hilo mara nyingi kuliko sala zangu.

"Hakuna," nikasema.

Alinipa namba yake ya simu kwenye kipande cha boksi la dawa. Ninacho mpaka leo.

Mwezi wa sita goti langu lilikuwa limevimba, sikuweza kutoka uani. Kambi ikaondoka bila mimi. Lugembe alipita kuniaga, amevaa viatu vyake. Nilijua kwamba mimi nisipokuwepo, sheria inamrudia yeye. Nilitaka kumwambia, mpe Gerson aonje, mpe yeyote, sheria ni yangu na ninaifuta. Maneno hayo yalikuwa mafupi. Badala yake nilimwambia aangalie mizinga ya upande wa kijito.

Alionja. Alikunywa. Ili apande miti alivua viatu, maana mti haupandwi na viatu, na siku moja aliposhuka alikanyaga kisiki cha mti mchanga uliokatwa na wakulima wa tumbaku. Kiliingia kwenye unyayo hadi ndani. Alitembea na kidonda hicho siku tisa. Aliporudi alinionyesha, mguu umevimba kama mhogo uliolowekwa, na alikuwa anatabasamu.

"Hakiumi hata kidogo, kaka."

Levina alimpeleka zahanati. Aliyekuwepo ni kijana anaitwa Sabiri, nesi mpya, peke yake, na foleni imefika kwenye mti wa kengele. Simchukii. Levina anasema alisoma namba kwenye kimashine, akasimama, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Mzee, miaka yote hii unafundishwa na husikii. Asali, pombe, miguu peku. Sasa unataka sisi tufanye nini? Umejitakia mwenyewe."

Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Mrina asali karinwa yeye." Wakacheka. Kadi ilikuwa wazi mezani, na mwandiko wa Vestina juu yake.

Walimfunga kidonda, wakamwambia arudi Alhamisi kusafishwa. Lugembe aliitikia kwa adabu, akachukua kofia yake. Alhamisi hakwenda. Levina alimsihi, mimi nilimsihi nikiwa nimeegemea mlango kwa ajili ya goti langu.

"Nitakwenda nikipona," akasema. "Siwezi kwenda hivi, wataniona."

Kadi aliichomeka kwenye paa, mahali palepale.

Siku kumi na mbili alikaa ndani. Harufu ilipotoka nje Levina alikuja kwangu, akakiomba kile kipande cha boksi, akapiga simu yeye. Vestina alifika kesho yake mchana, siku yake ya mapumziko, kwa basi kisha pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuingia kwa salamu ndefu. Alikaa chini, akafungua kitambaa, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuosha mguu ule mwingine, mzima, taratibu, kama vile ndio uliomleta.

"Tuko wapi, baba?"

Lugembe alinigeukia mimi. "Kaka, babu alisema wapagazi wakimwacha mgonjwa njiani, walimwachia nini?"

Babu alisema hilo mara moja tu maishani mwake, amelewa, na alilia.

"Kibuyu cha maji," nikajibu.

"Basi, nesi, niachieni maji."

Vestina hakuacha kuosha. "Baba, mimi watu wangu walipokimbia kuna waliowaacha. Mama alikuwa akiwataja majina kila Jumapili mpaka alipokufa. Siachi mtu. Leo tunakwenda Tabora hospitali, mimi na wewe. Watakata mguu, sikufichi. Lakini utakuwa hai."

"Utakuwa na mimi?"

"Nitakuwa na wewe."

Akakubali. Yeye ambaye hakuna aliyeweza kumpeleka nusu maili, alikubali kwa maneno matatu.

Wakati tunasubiri gari aliuliza, bila kuinua uso, "Kule kambini, baba, mwaka huu nani alionja?"

"Nani mwingine? Kaka hakuweza kutembea."

Mkono wake ukasimama. Nilimwona akihesabu. "Na mwaka ule? Ule mwaka wa kipimo kupanda, si Mzee Raymundi alikuwepo?"

"Nimeshakwambia, nesi," Lugembe akasema haraka. "Uroho."

Vestina akanitazama. Hakuniuliza. Alinipa nafasi ileile aliyowapa wagonjwa wake wote, ya kukaa kimya mpaka mtu aseme mwenyewe. Nje gari lilikuwa linapiga honi.

Niseme hapa kilichofuata, maana sitakisema mwishoni. Walimkata mguu juu ya goti, lakini sumu ilikuwa imekwisha kupanda kwenye damu. Alikufa siku ya nane, asubuhi. Levina anasema Vestina aliomba ruhusa kazini mara mbili, akakaa naye, na mara ya tatu walimkatalia. Siku ya mazishi alikuwa zamu. Mizinga yote nimemwachia Gerson, na sheria ya kuonja imekufa, hakuna hata aliyeuliza. Madumu ya asali yako kwangu bado. Namba ninayo. Nimeiandika kwenye simu mara nyingi, nikaifuta.

Gari lilikuwa pikapu ya mkulima mmoja wa tumbaku, iliyozoea kubeba kuni. Tulitandika godoro nyuma, tukamlaza. Levina alikaa mbele kwa dereva. Vestina alipanda nyuma, na ingawa kulikuwa na tairi la akiba angeweza kulikalia, alikaa chini kwenye bati, kichwa chake usawa na kichwa cha mdogo wangu. Nilishika mlango wa nyuma wa gari kwa mikono miwili.

"Lugembe," nikasema.

Alifungua macho. Vestina alikuwa anatutazama wote wawili.

"Goti lako vipi, kaka?"

"Halina neno," nikasema.

Dereva akaondoa gari. Niliona Vestina anainama kuweka sikio karibu na mdomo wa Lugembe, maana mgonjwa alikuwa anamwambia kitu, na nesi akaitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia, na kisha vumbi. Ndiyo mara ya mwisho kuwaona.